Kufufua Ukingo wa Mto Unaopita Mjini: Mwongozo kwa Kamati za Mitaa ya Iringa na Mbeya

Kila mwaka mvua zinapokaribia kwisha, wenyeviti wa mitaa na vijana wa vikundi vya mazingira huniuliza maswali yale yale: tuanze na nini, kibali kinatolewa na nani, tupande miti gani, na fedha za mabenchi zitoke wapi. Karibu kila mara hutokea mmoja wao akaitaja bustani ya Forodhani ya Unguja, kwamba nasi tuwe na Forodhani yetu kando ya Ruaha Mdogo pale Ipogolo, au kando ya mojawapo ya vijito vinavyoshuka milimani na kukatiza mitaa ya Mbeya. Ndoto hiyo si mbaya. Hata hivyo, bustani ile iliyofunguliwa upya mwaka 2009 ilikarabatiwa kwa fedha na wataalamu wa taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni, inatazamana na bahari iliyozuiwa kwa ukuta, na hutembelewa na wageni wengi. Sisi tuna mto unaofika kwenye kifundo cha mguu mwezi wa Oktoba na unaong'oa kalavati mwezi wa Machi, na watumiaji wake wakuu ni wenye vinyungu (bustani za mboga za bondeni), wafua nguo na waosha magari.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kipande cha mita 200 hadi 500 tu, kinachosimamiwa na kamati ya mtaa kwa kushirikiana na halmashauri, na kazi yake ni ya miaka miwili hadi mitatu. Ufukwe wa Ziwa Nyasa kule Matema una mambo yake ya mawimbi, mchanga na mitumbwi, nao haumo humu.

Niseme mapema jambo ambalo hatua zote zinalifuata. Mto wa mjini hauharibikii ukingoni. Huharibikia kwenye mitaro inayouingia. Anayeanza na mabenchi anawatengenezea watu mahali pazuri pa kukaa wakinusa uvundo.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

- Muhtasari wa mkutano mkuu wa wananchi wa mtaa uliokubali kazi hii, wenye saini ya mwenyekiti na mtendaji na orodha ya waliohudhuria. Ofisi nyingine zote zitauomba, hivyo toa nakala nyingi.
- Ramani ya mipango miji ya eneo lenu kutoka halmashauri. Kama eneo halijapimwa, mchoro wa mkono wenye vipimo vya kweli unatosha kuanzia.
- Jina la ofisi ya bonde la maji inayohusika. Kwa Ruaha Mdogo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako Iringa mjini. Jijini Mbeya kuna makao ya Bonde la Ziwa Rukwa, lakini mkoa huo umegawanywa na zaidi ya bonde moja: maji mengine huenda Rukwa, mengine hushuka Usangu, na yale ya Rungwe na Kyela huenda Ziwa Nyasa, ambalo ofisi ya bonde lake iko Tukuyu. Uliza kwanza kijito chenu kinaelekea wapi.
- Vifaa: futi ya kamba ya mita 50, vigingi na rangi nyekundu, majembe, machepe, mapanga, reki, toroli mbili, viroba vitupu, mabuti ya mpira na glavu nene kwa kila atakayeingia majini.
- Mtu mmoja mwenye kitabu. Huyu ndiye atakayeandika kila kilichopimwa, kilichoahidiwa na kilicholipwa. Kamati isiyo na kitabu hugombana kabla miche haijashika.
- Kalenda. Nyanda za juu zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kuchimba na kujenga hufanyika kiangazi. Kupanda hufanyika mvua zikishatulia ardhini, yaani Desemba na Januari.

Kuhusu sheria, swali la mita 60 huulizwa na kila mtu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo. Kupanda miti ya asili na kutengeneza njia ya changarawe ya kutembelea kwa miguu si sawa na kumwaga zege la mgahawa. Hata hivyo, usijifanyie tafsiri mwenyewe: eleza kwa maandishi mnachotaka kufanya, na upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 1. Tembea mto kuanzia juu

Anza angalau kilomita moja juu ya kipande mlichochagua, kisha shuka kwa miguu hadi mita 500 chini yake. Mchukue mzee aliyekaa hapo miaka mingi na kijana mwenye simu nzuri ya kupigia picha. Andika kila kinachoingia mtoni: mtaro wa barabara, bomba la bafu, shimo la choo lililopasuka, jalala, njia ya ng'ombe, mahali pa kuoshea bodaboda. Kila kimoja kipe namba, na uandike kama kiko kushoto au kulia ukitazama maji yanakoelekea.

Matembezi haya yafanyike mara tatu. La kwanza ni la Oktoba, na ndilo lenye siri nyingi, kwa sababu mtaro unaotiririka Oktoba haubebi mvua, maana mvua hakuna. Unabeba maji ya bafu, ya jikoni au ya choo, na ukiufuata kinyumenyume utamkuta mwenye nayo. La pili ni wakati wa mvua kubwa ya kwanza, ambayo husomba taka zote zilizolala mitaroni tangu Mei. La tatu ni la Machi, mto ukiwa umejaa.

Katika matembezi ya Machi tafuta mstari wa mafuriko. Tazama mifuko na matambara yaliyonasa matawini, alama za tope kwenye nguzo za daraja, na mahali ambapo majani yamelala yote upande mmoja. Mwulize mzee wako maji yalifika wapi mwaka ambao anaukumbuka kwa ubaya. Hapo piga vigingi vyekundu. Mstari huo ndio utakaoamua kila kitu baadaye: chini yake hakuna kitu mtakachojenga ambacho hamko tayari kukipoteza.

Kosa la kawaida ni kupima Septemba, mto ukiwa mpole, na kuchora bustani hadi kwenye maji.

Hatua ya 2. Keti ukingoni uwahesabu watu

Tenga siku tatu: siku moja ya kazi, Jumamosi moja na Jumapili moja. Keti tangu asubuhi hadi jua linapozama, na uandike nani anafika, saa ngapi, na kufanya nini. Utawaona wafua nguo, wapiga matofali ya kuchoma, wachota mchanga, watoto wanaooga, wenye ng'ombe, na pengine kanisa linalobatiza. Msiwadharau hao wa mwisho. Katika kipande kimoja nilichoshiriki, mchungaji aliyekuwa akibatiza hapo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta watu arobaini wenye majembe, kwa kuwa alichoka kuwatosa waumini wake katikati ya chupa za plastiki.

Walio wazito kuliko wote ni wenye vinyungu. Kinyungu, kwa msomaji ambaye si wa huku, ni bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, na kwa familia nyingi za nyanda hizi ndiyo mboga ya Agosti na ada ya shule ya Januari. Ni kweli kwamba kinyungu kilicholimwa hadi mdomoni mwa mto hulegeza udongo na kuupeleka majini mvua ya kwanza inapopiga. Ni kweli pia kwamba mama aliyerithi kinyungu hicho kwa mama mkwe wake hataona bustani yako ya maua kuwa badala ya chainizi zake. Andika kila kinyungu, upana wake, zao lake na mwezi anaovuna, kwa sababu mazungumzo ya hatua inayofuata yatategemea namba hizo.

Hatua ya 3. Itisha mkutano, na uende na mapendekezo badala ya amri

Mkutano ufanyike kwa heshima za kawaida: salamu kwanza, wazee wapewe nafasi ya kusema mwanzoni, na wanawake wenye vinyungu wasikilizwe wenyewe badala ya kusemewa. Bandikeni ukutani mchoro mkubwa wenye namba zote za hatua ya 1. Watu huongea tofauti wanapoona mtaro wao una namba.

Yafuatayo ndiyo mapatano ambayo nimeyaona yakidumu:

- Ukanda wa mita chache za kwanza kutoka kwenye maji, ule ambao udongo wake unaanguka, uachwe mara moja baada ya mavuno, bila kungoja.
- Mwenye kinyungu apande katika ukanda huo nyasi za kulishia, kama mabingobingo, au mianzi ya ulanzi, na mazao ya nyasi au mianzi hiyo yabaki kuwa yake. Hivyo halindi bustani ya serikali. Analinda mali yake.
- Sehemu iliyobaki iachwe kwa awamu, kwa tarehe zilizoandikwa na kusainiwa, zikifuata mavuno na siyo mwaka wa fedha wa halmashauri.

Onyo: usimwahidi mtu yeyote fidia ambayo huna mfukoni. Ahadi moja ya namna hiyo iliyotolewa na kiongozi aliyekuwa na haraka ilitugharimu mwaka mzima, kwa sababu watu waliacha kuvuna ili wahesabiwe.

Hatua ya 4. Fuatilia vibali kwa mpangilio

Mpangilio ni huu: mtendaji wa mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata kupitia kwa diwani na mtendaji wa kata, kisha afisa mazingira na idara ya mipango miji ya halmashauri, kisha ofisi ya bonde. Ofisi ya bonde hufanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na ndiyo ya kuulizwa juu ya kugusa ukingo au mkondo wenyewe. Mitaro ya barabara za mitaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hivyo msichimbe mdomo wa mtaro wao bila barua. Mamlaka ya maji nayo ijulishwe, hasa Iringa, ambako maji ya bomba ya mji hutolewa katika Ruaha Mdogo huo huo. Afisa mazingira ndiye atakayewaambia kama ukubwa wa kazi unahitaji kupelekwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Anzeni Aprili ili kiangazi kisiwapite mkingoja mihuri.

Hatua ya 5. Zuia uchafu kabla ya kupamba

Hatua hii ni ndefu kuliko zote, nayo ndiyo hurukwa zaidi. Mto Singapore, ambao leo watu huupiga picha, ulisafishwa kwa miaka kumi, kuanzia 1977 hadi 1987, na sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kuhamisha mazizi ya nguruwe na bata, kuwapatia wachuuzi na karakana mahali pengine, na kuunganisha nyumba na mfumo wa majitaka. Ninyi hamna uwezo wa Singapore, lakini mnaweza kufuata mpangilio wao.

a) Rudi kwenye orodha ya Oktoba. Kila bomba la majitaka linalotiririka kiangazi lina mwenyewe. Mtembeleeni nyumbani, mwenyekiti na mzee mmoja, bila mgambo, mkampe muda wa kuchimba shimo la kunywea maji ya bafu na jikoni. Shimo hilo lijazwe mawe na liwe mbali na ukingo. Kwa choo kilichopasuka, mjulisheni bwana afya wa kata. Hilo si jambo la kupatana.

b) Wekeni kichujio katika mdomo wa kila mtaro mkubwa. Nondo za milimita 12, zilizosimamishwa zikiwa zimeinama kidogo na kuachana sentimita 4 au 5, hukamata chupa na mifuko. Kabla ya kichujio, upande maji yanakotokea, chimbeni shimo la kutuliza mchanga, lenye urefu wa mita moja na nusu, upana wa mita moja na kina cha mita moja. Kichujio lazima kisafishwe kila baada ya mvua. Kisiposafishwa huziba, maji hupanda barabarani, na wakazi hukikata kwa msumeno usiku, nao hawatakuwa na makosa.

c) Wahamisheni waosha magari na bodaboda, lakini msiwafukuze. Watafutieni mahali juu ya mstari wa mafuriko, nje ya zile mita 60, penye sakafu ya mawe na shimo lenye kokoto na mchanga la kukamata mafuta. Wakipata tangi na bomba watahama wenyewe, maana nao hawapendi kusimama kwenye maji ya baridi ya Julai.

d) Hakikisheni kizimba cha taka kipo na kinaondolewa taka kwa ratiba. Kibao cha "Usitupe taka hapa" mahali ambapo hapana pa kutupa taka ni matusi.

Kwa Mbeya kuna nyongeza. Vijito vinavyotoka upande wa Mlima Loleza vina mteremko mkali na hubeba mawe pamoja na maji. Kabla ya kugusa kipande chenu cha chini, jengeni huko juu vizuizi vidogo vya mawe yaliyopangwa bila saruji, visivyozidi kimo cha goti, mfululizo, ili kupunguza mbio za maji. Kizuizi kimoja kirefu ni hatari kuliko kutokuwa nacho kabisa.

Usalama: asiingie mtu majini bila mabuti na glavu, kwani kuna vioo na sindano, na kichocho huambukizwa kwa kugusa maji yenye konokono wanaokibeba. Aliyekatwa na bati aende zahanati siku hiyo hiyo akapate chanjo ya pepopunda. Watoto wa shule wapewe kazi za juu ya ukingo tu.

Hatua ya 6. Shika udongo

Ukingo uliosimama kama ukuta utaanguka, hata ukiupanda nini. Uchongeni Agosti au Septemba hadi uwe na mlalo ambao mtu anaweza kuupanda bila kushika kwa mikono, yaani mita mbili za kwenda kwa kila mita moja ya kupanda. Chini kabisa, mahali maji yanapogonga, pangeni viroba vilivyojazwa udongo au mawe makubwa. Juu yake pandeni nyasi za vetiva kwa mistari inayofuata kontua, yaani iliyo sawa bila kupanda wala kushuka, kishina kwa kishina, sentimita 10 hadi 15 kati yao, na mstari mmoja kwa kila mita moja ya kimo. Kama vetiva haipatikani, mabingobingo na matete ya pale pale mtoni yanafaa.

Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, zinahitaji mhandisi. Nimeona gabioni zilizowekwa na fundi wa mtaani zikiwa zimeelea hewani baada ya msimu mmoja, maji yakiwa yamechimba chini yake.

Watu wengi hutaka kujenga kuta za zege pande zote mbili, kwa kuwa zege linaonekana kuwa maendeleo. Mahali palipo na barabara au nyumba ukingoni huenda hakuna njia nyingine. Pengine pote, zege huongeza mbio za maji na kumpelekea jirani wa chini mafuriko. Huko huko Singapore, katika bustani ya Bishan, mfereji wa zege wa kilomita 2.7 ulivunjwa na kufanywa mto unaojipinda wa kilomita 3.2, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Hatuna sababu ya kutumia fedha kujenga kile ambacho wenzetu wametumia fedha kukibomoa.

Hatua ya 7. Panda miti inayopatana na maji

Swali la miti lina jibu fupi: mivengi (mizambarau ya porini) na mikuyu kwenye udongo wenye maji, mianzi mahali penye mmomonyoko, na miti ya kivuli ya asili juu ya mstari wa mafuriko. Mikaratusi, ambayo wengi huku huiita milingoti, isipandwe kabisa kando ya mto, kwa sababu hunywa maji mengi na chini yake hapaoti majani ya kushika udongo. Kama ipo tayari, pateni idhini ya afisa misitu, mwikate kwa awamu, na mwache visiki na mizizi hadi miti mipya ishike. Anayeing'oa yote kwa wakati mmoja ataupoteza ukingo pamoja nayo.

Chimbeni mashimo ya sentimita 45 kila upande, mita 4 hadi 5 kati ya mche na mche, na mwache mapengo mapana ili watu wauone mto. Ukingo uliofunikwa na kichaka kizito huogopwa na akina mama jioni, nao wana haki.

Msipande Machi. Sisi tulipanda mwishoni mwa Machi, kwa sababu mgeni rasmi alipatikana tarehe hiyo, na miche iliingia kiangazi ikiwa na mizizi ya mwezi mmoja. Iliyoponea ukame iliuawa na sakitu, ile baridi inayogandisha umande, ya Julai kule bondeni. Mche uliopandwa Desemba una miezi minne au mitano ya mvua, na hata huo unahitaji kufunikwa kwa majani makavu shinani, kumwagiliwa mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza, na kuzungushiwa miti yenye miiba dhidi ya mbuzi.

Hatua ya 8. Sasa tengeneza njia na mahali pa kukaa

Njia ipite juu ya vigingi vyekundu. Upana wa mita 2 unatosha wawili kupishana na toroli. Toeni udongo wa juu, mwage changarawe, mshindilie, na mlaze njia kidogo kuelekea mtoni, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasisimame. Mahali pa kupandia pasiwe ngazi tu: wekeni angalau njia moja isiyopanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12, ili mwenye kiti cha magurudumu na bibi mwenye mkongojo wafike.

Mabenchi yawe ya mawe. Mwenye kuishi chini ya jabali la Gangilonga pale Iringa hana sababu ya kununua mabenchi ya chuma, ambayo huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya Pasaka. Mawe bapa mawili na la tatu juu yake, chini ya mkuyu, ni benchi la miaka mia.

Acheni sehemu moja, na moja tu, ya kushukia majini, iliyopangwa mawe, kwa ajili ya wafua nguo na ubatizo. Mkiziba kote, watu watatoboa kote. Mama lishe na wauza matunda wapewe ukingo wa nje wa bustani, upande wa barabara, kwa meza zinazohamishika. Choo kiwe huko pia, kamwe si karibu na maji.

Hatua ya 9. Panga matunzo kabla ya sherehe ya kufungua

Andikeni kazi tatu na majina ya watu: anayesafisha vichujio, anayemwagilia, anayefagia. Walipwe, hata kama ni kidogo, kwa sababu kujitolea hudumu miezi mitatu. Kikundi cha vijana au wanawake kinaweza kupewa nafasi ya kuuza vinywaji hapo kwa sharti la kutunza, na kikisajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa; usiutumie kununua maua.

Epukeni chochote kinachohitaji umeme ili kiendelee kuwa kizuri. Kijito cha Cheonggyecheon katika jiji la Seoul, kilichofufuliwa kati ya 2003 na 2005 kwa urefu wa kilomita 5.8, kinapendeza, lakini maji yake mengi husukumwa na pampu kila siku kutoka Mto Han. Jiji la Seoul linaweza kulipa bili hiyo. Mtaa hauwezi.

Mambo yanapokwenda mrama

*Miche inakauka ingawa inamwagiliwa.* Ing'oe mmoja utazame mizizi. Kama bado imejikunja kwa umbo la kifuko cha plastiki, kifuko hakikutolewa wakati wa kupanda. Kama imeliwa, ni mchwa. Toa majani makavu yanayogusa shina.

*Taka zimerudi.* Tazama kichujio kipi kimezibwa au kuondolewa, kisha tazama kizimba kimejaa tangu lini. Mara nyingi kosa ni la ratiba ya gari la taka, siyo la tabia za watu, na barua kwa halmashauri ikiambatanishwa na picha zenye tarehe hufanya kazi kuliko hotuba.

*Ukingo wa ng'ambo umeanza kuanguka.* Mmeyasukuma maji upande wa pili kwa viroba au mawe yaliyoingia sana mkondoni. Yarudisheni nyuma hadi usawa wa ukingo wa zamani, na mpande vetiva pande zote mbili. Kama ng'ambo ni mtaa mwingine, nendeni kuwaona kabla hawajaja wao.

*Wenye vinyungu wamerudi.* Fungua kitabu. Ama tarehe mliyokubaliana haijafika, ama mabingobingo yao yaliliwa na ng'ombe wa mtu na hakuna aliyewasaidia kudai. Shughulikia ng'ombe kwanza.

*Mbu wameongezeka.* Mashimo ya kutuliza mchanga yanashika maji kiangazi. Toboa tundu dogo chini yake ili yakauke kati ya mvua na mvua.

*Mafuriko yamechukua njia.* Sogeza vigingi hadi alama mpya, na ujenge njia juu yake. Usiijenge tena pale pale kwa saruji.

*Viongozi wamebadilika baada ya uchaguzi na wapya hawaujui mradi.* Wape kitabu, muhtasari na barua za vibali katika wiki ya kwanza, kisha uwatembeze mto mzima kwa miguu, kuanzia juu, wakiwa na mabuti.